Hiyo krimu ya ganzi usiipake

Dada, umeuliza kuchorwa tatuu mbavuni kunauma kiasi gani, bei siku hizi ikoje, na kama utakuwa umepona kufikia harusi ya binamu yako. Lakini uliposema umeshanunua krimu ya ganzi mjini na Jumamosi utajipaka nyumbani kabla ya kupanda matatu, mimi hapo hapo nikaacha chai yangu. Usiipake!

Mbavuni panauma, ndiyo. Ngozi ni nyembamba, mfupa uko hapo chini, na kila ukivuta pumzi fundi anangoja. Mkono kwa nje au paja ni nafuu zaidi. Lakini maumivu hayo yanavumilika kwa sababu mwili huyazoea kidogo kidogo.

Krimu yangu, nilipochorwa tatuu ya waridi, niliuziwa na jamaa wa kibanda cha kwenye ngazi, karibu na River Road, Nairobi, anayeuza kava za simu na kope bandia. Tyubu haina sanduku. “Paka nene, funga na nailoni, hutasikia kitu.” Na kweli sikusikia. Saa nzima napiga stori na fundi, najiona chuma. Kisha ganzi ikatoka, ua likiwa nusu, na maumivu yakaingia yote kwa mpigo kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Nilitoa sauti, vinyozi wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Nikawaambia ni mafua.

Hiyo ilikuwa sehemu ya bei rahisi. Ngozi iliyopakwa ilikuwa imevimba na kuwa ngumu kama mpira, wino haushiki vizuri, basi fundi akawa anakandamiza. Sindano inatakiwa ifike milimita moja hadi mbili tu. Yangu ilipita, wino ukasambaa chini ya ngozi, na leo kila mstari una kivuli cha buluu pembeni. Waridi langu watu wanaliita kabichi. Kulifuta ni leza, ambayo wengi waliopitia wanasema inauma kuliko sindano, inarudiwa kwa miezi, na kwa ngozi yetu nyeusi inaweza kuacha mabaka. Fundi naye alipoishika ile ngozi hakuuliza kitu, maana M-Pesa ilikuwa imeshaingia. Huyo na yule wa ngazini sijui nani nimsamehe kwanza. Hakuna haraka.

Sasa soma tyubu yako. Machi 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu krimu za aina hii: lidokeini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, ikizidi asilimia 4 usijipakie mwenyewe, usipake eneo kubwa wala ngozi iliyochubuka, na usifunge na nailoni, kwa sababu inaweza kukuletea degedege au kuvuruga mapigo ya moyo. Yaani yule jamaa alinifundisha kila kilichokatazwa, kwa mpangilio.

Ganzi haipakwi bila fundi kujua. Mpigie leo, mtajie jina lililoandikwa kwenye tyubu, umuulize yeye hutumia gani na huipaka lini. Akikujibu “njoo tu, haiumi”, tafuta mwingine.

Jumamosi kula ushibe kabla ya kutoka, na Ijumaa usiku pombe usiguse, utavuja damu ovyo. Tyubu mrudishie aliyekuuzia. Pesa hatakupa, lakini mrudishie.