Kifaa cha tahadhari pekee hakitoshi kwenye glaida

Umeuliza kama FLARM, kifaa kinachoonya ndege nyingine ikikaribia, inatosha kukulinda usigongane na wengine ukirusha glaida, yaani ndege inayoelea angani bila injini. Hapana. Huonya tu kuhusu ndege zinazotoa ishara ambayo FLARM inaweza kuipokea. Nyingine utaziona kwa macho yako, hasa mkiwa wengi mnazunguka kwenye hewa moja inayopanda.

Na tumia watu! Baada ya kuunganisha mabawa, mwombe mwenzako ashikilie kila sehemu inayogeuka ya bawa na mkia huku wewe ukisukuma fimbo ya kuongozea, mhakikishe kweli imeungwa na fimbo hiyo. Anayeshika ncha ya bawa naye atazame breki za hewa, yaani vibao vinavyoinuka juu ya bawa, kama zimefungwa sawasawa, maana zikifunguka wakati wa kuvutwa kwenda angani, glaida hupanda kwa shida au isipande kabisa. Redioni, waulize walio juu upepo ukoje.