Vipimo vyote safi, mbona moyo unanidunda kwenye pantoni?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, naishi Kigamboni, ni fundi cherehani Kariakoo. Baba alifariki mwaka jana. Arobaini ilipopita tu, baba mkubwa akauza kiwanja alichotuachia marehemu bila kutushirikisha. Kwenye kikao cha ukoo nilinyamaza, maana ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Wiki mbili baadaye, pantoni ikiwa katikati ya maji, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikabana, nikajua nakufa. Nimepimwa moyo, presha, sukari, damu: vyote safi. Sasa nazunguka na bodaboda kupitia darajani, na faida yote inaishia kwenye nauli. Mama anasema ni jini, nimekunywa kombe. Jirani amenigawia vidonge vyake vya usingizi. Nimeshauriwa nimwone mwanasaikolojia, lakini Shangazi, huyo si ataongea tu? Maneno yatatulizaje kitu kilicho mwilini? Au ndiyo naanza kuwa kichaa?*
*Fundi wa Kigamboni*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba. Na pole kwa kiwanja, maana huo nao ni msiba, na sidhani kama kuna mtu aliyekuja kukupa mkono kwa ajili yake.

Kichaa huna. Na ulichokisikia kwenye pantoni hukukibuni. Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna vijisehemu viwili, kimoja kila upande, vyenye umbo la lozi. Vinaitwa amigdala. Vifananishe na mlinzi wa usiku: akisikia kishindo anapuliza filimbi kwanza, kama ni paka au mwizi atajua baadaye. Filimbi ikilia, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unakimbia, unaanza kuhema harakaharaka. Ukihema hivyo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, na ndiyo maana vidole hufa ganzi na kichwa huwa chepesi. Wewe ukaichukua ile ganzi kuwa ni kifo, mlinzi akaona umeogopa, akapuliza tena kwa nguvu zaidi. Mzunguko huo aliueleza mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, mwaka 1986. Mara nyingi hofu ya namna hiyo hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe.

Lakini pantoni umeivuka miaka yote. Kwa nini siku ile?

Nimeirudia barua yako mara tatu. Umeandika moyo, umeandika vidole, umeandika pumzi. Neno "hasira" halimo. Kiwanja cha baba yako kimeuzwa, nawe unachosema ni kwamba ulinyamaza. Daktari mmoja wa akili aliyefanya kazi Montreal, Kanada, Habib Davanloo, alikuwa akirekodi vikao vyake kwa video na kuvitazama upya. Alifundisha kuwa wasiwasi mara nyingi hupanda pale hisia iliyozuiwa inapotaka kutoka, na nzito kuliko zote ni hasira juu ya mtu unayempenda au aliyekutendea wema. Ada ya sekondari imekuziba mdomo, mwanangu. Hilo mtalipima wewe na mtaalamu, ila mimi ndilo ninaloliona kwenye barua yako.

Kwa hiyo huyo mwanasaikolojia haongei tu. Anakutazama. Davanloo alionyesha kuwa wasiwasi una njia zake mwilini. Kuna mtu hukunja ngumi, mabega yakakaza, akawa anashusha pumzi ndefundefu. Mwingine tumbo linasokota au mkojo unambana kila saa. Wa tatu ndiye wa kuangaliwa zaidi: mawazo yanafutika, macho yanaingia ukungu, masikio yanavuma. Mtaalamu aliyefunzwa njia hii akiona ngumi na pumzi ndefu anajua unaweza kuendelea kuzungumza habari za baba mkubwa. Akiona unapotea kichwani anapunguza mwendo, anakurudisha chumbani, mnasubiri mwili utulie, ndipo mnaendelea. Wewe fundi unalijua hili: uzi ukikazwa mno unakatika, ukilegezwa mno mshono unajikunja. Kazi yake ni kukaa nawe hapo katikati, mara nyingi, mpaka mwili wako uzoee kubeba hasira bila kupuliziwa filimbi.

Maneno nayo yana nguvu yake. Mwaka 2007 huko Los Angeles, Matthew Lieberman na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha nyuso zenye hasira na hofu. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala zao zilipunguza kazi, huku sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia ikizidisha. Ulichouliza kimejibiwa hapo: neno likitajwa sawasawa linafika hadi kwa mlinzi.

Sasa daraja. Kila ukizunguka, ubongo unaandika kuwa umepona kwa sababu umeikwepa pantoni, na kesho yake hofu imenenepa. Utarudi Feri, ila usirudi kwa ubabe. Mkipanga na mtaalamu, anza kwa kusimama Magogoni ukitazama watu wakivuka. Siku nyingine vuka na mdogo wako saa ambazo hakuna msongamano, kisha peke yako. Moyo ukidunda, usikimbie na usipigane nao. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta. Kumbukumbu ya zamani haifutiki, mpya inaandikwa pembeni yake. Kwa hiyo hofu ikikurudia siku moja baada ya miezi ya utulivu, usiseme tiba imeshindwa.

Vidonge vya jirani mrudishie. Dawa nyingi za namna hiyo mwili huzizoea haraka. Kama umezimeza kila siku kwa wiki kadhaa, usiache ghafla, mwambie daktari akupunguzie taratibu. Dua ya mama endelea nayo, haigombani na tiba. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Ingia pale kichwa juu, useme unataka mwanasaikolojia tiba. Ila ukizimia, au kifua kikakuuma ukipanda ngazi, rudi kwa daktari wa moyo. Na likikujia wazo la kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Baba mkubwa usimpigie simu leo. Sentensi ya kwanza kaiseme kwanza mbele ya mtaalamu, kwa sauti yako, ukiangalia mikono yako inafanya nini: "Nina hasira na baba mkubwa." Na hiyo nyingine inayokutoa machozi, kwamba bado unampenda, iseme hapohapo.

Shangazi yako