Loleza si upeo wa macho: kuchora mandhari ya gemu kwa mkono

Picha ya kwanza niliyochora kwa ajili ya gemu letu ilinichukua siku tisa. Rangi za maji kwenye karatasi nzito, mtaa wa Mbeya unaopanda kuelekea mlima Loleza, nyumba za bati pande zote mbili, mparachichi mmoja pembeni. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeandika programu, akaiskani, akamweka bibi wa kisa chetu barabarani na kumtembeza kwenda juu. Akanigeukia: "Dada, mbona bibi anaelea?"

Kweli alikuwa anaelea. Chini ya picha alikuwa na kimo chake sawasawa. Alipofika katikati, kichwa kikapita mlango wa duka, na alipofika juu akawa mrefu kuliko paa. Tulimpunguza, tukamwongeza, tukimpatanisha na mlango, anakosana na dirisha. Kosa halikuwa la programu. Mimi ndiye niliyechora kana kwamba upeo wa macho uko pale mlima unapokutana na mbingu.

Naamini kosa hili linatunyemelea zaidi sisi tuliokulia nyanda za juu. Mtu wa pwani akisimama ufukweni, bahari yenyewe inamchorea upeo, mstari mmoja ulionyooka sawa na jicho lake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Loleza, wenye zaidi ya mita 2,600, umetuzibia upande wa kaskazini. Ukitazama huko unachoona ni mgongo wa mlima, na mkono unauchukua huo. Lakini upeo anaouhitaji mchoraji ni usawa wa jicho lake, hata kama umejificha nyuma ya mlima, ukuta au mgomba. Mistari yote iliyolazwa kwa pima maji, yaani kingo za paa, vizingiti, mbao za meza ya duka, inapokwenda mbali hukimbilia kwenye usawa huo.

Namna ya kuupata ni rahisi. Jaza maji nusu chupa ya plastiki, ishike mbele ya uso, kisha ipandishe na kuishusha polepole. Ukiona uso wa maji kwa juu, chupa iko chini mno. Ukiuona kwa chini, iko juu mno. Pale uso wa maji unapogeuka kuwa uzi mmoja tu, chochote kilicho nyuma ya uzi huo kiko usawa wa jicho lako. Nilirudi kwenye ule mtaa na chupa yangu. Uzi haukugusa mlima hata kidogo, uliangukia kwenye msingi wa nyumba ya tatu! Barabara yote iliyobaki, nyumba zilizoifuata na Loleza wenyewe vilikuwa juu ya usawa wa jicho langu.

Nikasogea kwenye ukuta wa tofali za kuchoma ambao haujapigwa plasta. Tazama ukuta wa namna hiyo kwa ubavu: kozi, yaani safu za tofali, zilizo juu ya jicho lako zinashuka kadiri zinavyokwenda mbali, zilizo chini ya jicho zinapanda, na iko kozi moja tu isiyopanda wala kushuka. Hiyo ndiyo iliyo usawa wa jicho lako. Tangu siku hiyo sijachora nyumba bila kuitafuta kozi hiyo kwanza.

Mtaa wa mlimani una jambo la pili. Barabara inapanda, nyumba hazipandi. Fundi anajenga msingi mrefu upande wa bondeni na mfupi upande wa mlimani ili sakafu ilale. Kwa hiyo mistari ya nyumba inakutana kwenye nukta iliyo usawa wa jicho, na kingo za barabara zinakutana kwenye nukta nyingine, wima juu ya ile ya kwanza. Mimi nilizipeleka zote kwenye nukta moja, ndiyo maana nyumba zangu zilionekana zimelala pamoja na barabara.

Sasa kimo cha mhusika. Ukisimama soko la Mwanjelwa, mahali tambarare, watu wenye kimo chako walio karibu na walio mbali vichwa vyao viko kwenye mstari mmoja, miguu tu ndiyo inayotofautiana. Kwenye gemu tunapandisha jicho juu kidogo ya kichwa ili ardhi ya kutembea ifunguke, lakini kanuni haibadiliki: kimo cha mtu hukua na kupungua kwa uwiano uleule na umbali wa nyayo zake kutoka kwenye usawa wa jicho. Picha yetu ina kimo cha pikseli 1,080. Tuseme jicho liko pikseli 300 kutoka juu. Bibi akikanyaga pikseli ya 900 kutoka juu, yuko 600 chini ya jicho, nasi tumempa kimo cha 400. Akikanyaga 600, umbali ni 300, basi kimo chake ni 200. Akikanyaga 450, ni 100. Tunatumia Adventure Game Studio, programu ya bure ambayo hukuruhusu kuweka asilimia ya mhusika juu na chini ya eneo la kutembea: tunaandika 25 juu na 100 chini, katikati inajaza yenyewe. Milango nayo napima kwa bibi huyohuyo, pale anapokanyaga kizingiti.

Kwenye mpando kama ule wa mtaa wetu, hesabu hiyo usianzie usawa wa jicho. Ianzie kwenye nukta ya barabara, ile ya juu. Hapo ndipo tulipokuwa tunahangaika siku nzima na asilimia.

Nukta zikitoka nje ya karatasi, usizivute ndani kwa sababu rula ni fupi; nyumba zitakunjamana pembeni. Mimi napigilia msumari mezani na kufunga uzi wa fundi ujenzi, naunyoosha kila ninapohitaji mstari.

Rangi nayo inasaidia. Milima ya mbali huwa ya buluu iliyofifia, na ukungu ukiwa mzito asubuhi, nyumba ya tano tu tayari imepoteza wekundu wa tofali zake. Ila ukungu hauponyi mistari iliyokosewa. Nilijaribu.

Siku hizi penseli inaskaniwa kabla brashi haijagusa maji. Mdogo wangu anamtembeza bibi kwenye mchoro mtupu, kutoka chini hadi mlango wa mwisho na kurudi, nami nakaa pembeni na ufutio. Mtaa ule niliuchora upya kwa namna hii. Bibi alipanda, akafika duka la juu, akainama kidogo kuingia, kama mlango ule unavyotaka.