Mdogo wangu amekamatwa Malindi Ijumaa jioni: ana haki gani?

Dada yangu, nimeelewa kwamba mdogo wako alikamatwa Malindi Ijumaa jioni bila kuambiwa kosa lake, na leo, Jumapili, bado yuko kituoni.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aelezwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa, na kinampa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Saa 24 za kumfikisha mahakamani zikiisha siku ambayo mahakama haikai, muda huendelea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo kulala kwake ndani hadi Jumatatu, ingawa kunauma, peke yake si uvunjaji wa sheria.

Nenda kituoni kwa upole, uulize kosa lililoandikwa katika kitabu cha matukio, unukuu namba yake, kisha uombe dhamana ya polisi. Ukilipa pesa taslimu, usiondoke bila risiti: mimi niliwahi kuondoka mikono mitupu, na pesa zile sikuziona tena. Naye asitie saini maelezo asiyoyaelewa. Ikiwa kosa ni zito, au amepigwa, tafuta wakili leo hii.