Jino limegeuka kijivu, nimpe mtoto kalsiamu?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka tisa alianguka shuleni, jino la mbele likafa. Kliniki moja huku Umoja walilifungua, wakatia pesti ya antibayotiki ndani ya mzizi, wakasema turudi baada ya wiki tatu. Maumivu yaliisha, karo ikatubana, hatukurudi. Sasa ni miezi mitano na jino limekuwa kijivu. Jirani anasema dawa imekula kalsiamu, kwa hivyo nimeanza kumpa vidonge vya kalsiamu. Nimpe kwa muda gani? Mama Brian, Umoja.

JIBU: Mama Brian, kama vidonge hivyo ni vya kuliokoa jino hilo, viache leo. Jirani yako amepatia nusu: dawa hiyo huweza kweli kumomonyoa madini ya jino. Alipopotea ni kudhani kwamba kilicholiwa ndani ya mzizi hurudishwa kwa kumeza. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Dentini, ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, haina ukarabati wa namna hiyo. Tena jino la Brian limekufa, halina damu ndani. Hiyo kalsiamu itapitia wapi? Swali hili haliishi kuletwa kwangu, na kila mara kuna mtu ameshauza chupa.

Mchanganyiko uliozoeleka wa pesti hiyo ni wa antibayotiki tatu, metronidazoli, siprofloksasini na minosaiklini, ulioelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1996. Ukikorogwa mzito kama uji wa wimbi, pH yake (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, ikishuka asidi huwa kali) hushuka hadi karibu 3. Enameli huanza kuyeyuka chini ya 5.5, na dentini huwahi kabla ya hapo. Dawa ikikaa, ukuta wa mzizi hupoteza kalsiamu na fosfeti, unalegea. Minosaiklini ni ya ukoo wa tetrasaiklini: hunasana na kalsiamu ya jino, kisha hubadilika rangi. Huenda hicho ndicho kijivu unachokiona.

Daktari wenu hakukosea kuitumia. Mtoto wa miaka tisa, mzizi wa jino la mbele bado uko wazi kwenye ncha na kuta zake ni nyembamba. Huwezi kuukwangua kama wa mtu mzima, kwa hivyo kazi ya kuua bakteria huachiwa dawa. Kwa wiki chache tu. Siku hizi wengi huizimua hadi miligramu chache tu kwa mililita, na wengine huiondoa minosaiklini kabisa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wenu amelala miezi mitano. Na usidhani ile dawa nyeupe ya kalsiamu haidroksidi, ambayo nayo hutiwa ndani ya mzizi, ingevumilia, eti kwa vile jina lina kalsiamu. pH yake ni zaidi ya 12, na ikiachwa miezi mingi hudhoofisha protini inayoshikilia madini, mzizi ukavunjika kirahisi.

Linalonikera ni hilo neno "maumivu yaliisha". Neva ikifa, jino hunyamaza. Bakteria hawajaenda popote.

Mrudishe wiki hii. Atapigwa eksirei, dawa isafishwe (yote haitoki, dentini imeshainywa), kisha ncha izibwe kwa saruji maalumu na jino lifungwe vizuri. Rangi itashughulikiwa mwisho, kwa ndani. Limau na baking soda vikae jikoni: weusi huo hauko juu ya jino, utamwongezea asidi bure. Na mahindi choma ampukuchulie mtu, asiyang'ate kwa jino hilo.

Wengine wanaosoma hapa wameanza kuwaza njia ya mkato, nawajua. Nimempokea kijana aliyefungua kapsuli ya antibayotiki aliyouziwa kwenye kemisti bila cheti, akashindilia unga kwenye tundu la jino na pamba juu. Ufizi ulikuwa mweupe kama ngozi ya maziwa, umeungua, na chini yake usaha. Unga huo haufiki kwenye mfereji ulio ndani ya mzizi. Hukaa mlangoni, ukiunguza. Na anayekufungulia jino nyuma ya saluni, muulize kama amesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya. Akianza kueleza sana, vaa viatu.

Mama Brian, kile kikaratasi cha kliniki ya kwanza kama bado unacho, nenda nacho. Kitasema ni mchanganyiko gani uliowekwa.