Maswali na Majibu: Kisanduku cha TV au Kompyuta ya Sebuleni?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: TV ipo, skrini ni kubwa na safi, sasa nyuma yake kichomekwe nini? Nimeanza na swali la jumla, kisha yale yanayomlazimu mtu kuingia kwenye mipangilio.

Naomba jibu la moja kwa moja. Ninunue kisanduku cha kuchezea video, au niunganishe kompyuta na TV?

Kumbuka sinema kumi za mwisho ulizotazama, kisha jiulize zilitoka wapi. Kama karibu zote zilitoka YouTube na kwenye huduma za kulipia kila mwezi, nunua kisanduku na usijisumbue zaidi. Kama nyingi ni faili zako mwenyewe, yaani diski ulizonunua ukazihamishia kwenye diski kuu ya kompyuta, video za familia, mihadhara uliyorekodi, hapo kompyuta inaanza kuwa na maana.

Wengi hudhani swali hili ni la nguvu ya mashine. Sivyo. Kompyuta ya kawaida ina nguvu kuliko kisanduku kinachoenea kiganjani, lakini kisanduku kilichotengenezwa vizuri huja na vitu vitatu ambavyo kompyuta huvipata kwa taabu: chipu iliyoundwa mahsusi kufungua video, kibali cha huduma za sinema, na rimoti ambayo mtu yeyote anaishika na kuielewa. Kompyuta nayo inakupa uhuru. Unaweka programu unayoitaka na diski ya ukubwa wowote, na hakuna kampuni itakayoamua siku moja kwamba kifaa chako kimezeeka na programu fulani haitafunguka tena. Uhuru huo una kazi yake: masasisho, madereva (programu za kuendesha vifaa) ya sauti, dirisha linalojitokeza katikati ya sinema. Anayependa kazi hiyo ataifurahia kompyuta kila siku. Asiyeipenda ataichukia ndani ya wiki chache, na namshauri kwa moyo wote asianze.

Kompyuta yangu ni mpya na TV ni ya 4K, lakini Netflix inaonekana hafifu kuliko kwa jirani mwenye kijiti kidogo cha HDMI. Kosa liko wapi?

Kompyuta yako haina kasoro. Huduma za sinema hufunga video zao kwa ulinzi, na ubora unaopewa hutegemea jinsi huduma inavyokiamini kifaa chako. Kijiti cha jirani kimepewa kibali kiwandani, chipu hadi programu. Kompyuta iko wazi, mwenyewe anaweza kufanya lolote ndani yake, kwa hiyo inabanwa zaidi.

Ili upate 4K ya Netflix kwenye Windows, ni lazima utumie programu ya Netflix yenyewe au kivinjari cha Edge. Ukitumia Chrome au Firefox, hutafika huko hata intaneti iwe na kasi namna gani. Pia prosesa au kadi ya picha iwe ya kizazi kinachoweza kufungua HEVC (mfumo wa kubana video) kwa chipu (kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 7), kifurushi unacholipia kiwe cha 4K, na njia nzima ya HDMI ikubali HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe njiani. Hilo la mwisho ndilo linalowanasa wengi. Kama una skrini ya pili ya zamani iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo, nayo inahesabiwa. Ichomoe, ujaribu tena kabla ya kununua chochote.

Na kama ulikuwa unafikiria diski za Blu-ray za 4K, jua kwamba kuzicheza kwenye kompyuta kwa njia rasmi kulitegemea kipengele cha Intel kiitwacho SGX, na Intel ilikiondoa kwenye prosesa za Core kuanzia kizazi cha 11. Yaani kompyuta mpya ina uwezo mdogo hapo kuliko ile ya miaka michache nyuma. Kwa diski hizo nunua deki yake, mambo yaishe.

Nina kompyuta ya mezani ya zamani imekaa tu. Niihamishie sebuleni?

Ifanyie jaribio moja kwanza. Fungua video ya 4K ya YouTube, kisha ufungue Task Manager ya Windows na uingie kwenye ukurasa wa kadi ya picha. Kuna mchoro ulioandikwa Video Decode. Kama mstari wake unapanda na prosesa imetulia, chipu inafanya kazi yake. Kama mstari umelala kwenye sifuri huku prosesa ikikimbilia asilimia 100 na feni ikinguruma, basi mashine hiyo haina chipu ya kufungua video za namna hiyo, na inajikaza kwa nguvu zake zote kufanya kazi ambayo kijiti cha HDMI kinaifanya kimyakimya.

Sababu ni umri wa kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua video. H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kitu kinaifungua. HEVC ilikuja 2013, AV1 ikaja 2018. Kwa Intel, chipu ya kufungua AV1 ilianza kizazi cha 11.

Halafu kuna umeme. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ikiachwa inawaka mwaka mzima itamaliza uniti zipatazo 525. Kisanduku cha wati 4 hakifiki 40. Kama bado unataka kompyuta, chukua ndogo yenye prosesa kama Intel N100, ambayo imeundwa kwa kiwango cha wati 6 na inafungua AV1. Ile ya zamani, ikiwa bado inatumia Windows 10, kumbuka kwamba Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Unaweza kuiwekea LibreELEC, mfumo mdogo wa kompyuta ambao ukiwaka unakupeleka moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuchezea video.

Faili ya sinema inakataa kuingia kwenye flashi ingawa nafasi ipo tele.

Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haipokei faili moja inayofika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi. Hakikisha kwanza kisanduku chako kinaisoma exFAT. Vingi vya sasa vinaisoma, vya zamani si vyote.

Kamera inapozunguka polepole kwenye sinema, picha inasitasita kidogo. Intaneti ni nzuri. Nimebadilisha kebo mara mbili bila mafanikio.

Acha kununua kebo. Ulichokiona ni cha kweli, na nafurahi umekiona, kwa sababu wengi huambiwa kwamba ni macho yao.

Sinema nyingi hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kisanduku chako, kama kilivyotoka dukani, kinaituma picha kwenye TV mara 60 kwa sekunde. 60 haigawanyiki kwa 24 sawasawa, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, tena mbili, tena tatu. Mtu akikaa anaongea huoni kitu. Kamera ikipita taratibu mbele ya uzio au safu ya nguzo, jicho linaukamata mwendo huo wa kuchechemea.

Dawa ni kukiamuru kifaa kibadili kasi ya skrini kufuata sinema. Kwenye Kodi, ingia Settings, kisha Player, kisha Videos, utafute chaguo la kurekebisha kasi ya skrini, uliweke lifanye kazi sinema inapoanza na inapokwisha. Apple TV ina chaguo kama hilo kwenye mipangilio ya video. Skrini itakuwa nyeusi sekunde moja au mbili mwanzoni. Ni TV inabadili kasi. Vijiti vya bei ya chini hutofautiana sana kwenye jambo hili, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kifaa bora, kabla hata ya kuuliza kina kumbukumbu kiasi gani.

Shikamoo. Nataka kuwawekea wazazi wangu kitu cha kutazamia. Wasipate shida ya rimoti nyingi.

Marahaba. Wawekee kisanduku, na uwashe HDMI-CEC, njia ya vifaa kuamrishana kupitia kebo ya HDMI, kwenye TV na kwenye kisanduku chenyewe. Hapo rimoti moja itawasha TV, itaongeza sauti na kuchagua sinema. Kompyuta nyingi hazina CEC kwenye plagi yao ya HDMI, kwa hiyo mzee atajikuta na rimoti ya TV mkononi na kipanya kwenye mkono wa kochi. Usimpe mtu mzima kazi hiyo.

Kuna kisanduku cha Android cha bei ndogo kinachoahidi chaneli zote bure. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Baadhi ya visanduku vya aina hiyo vimekutwa na programu hasidi iliyowekwa kabla havijamfikia mnunuzi. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya mtandao uitwao BADBOX 2.0, ambao umeambukiza mamilioni ya vifaa vya nyumbani, visanduku vya TV vikiwemo. Kifaa kilichoambukizwa hutumika kupitishia mawasiliano ya wahalifu kwenye intaneti ya mwenye nyumba, naye hana habari. Tahadhari yenyewe ilitaja dalili mbili rahisi: kifaa kinakutaka uzime Play Protect (ulinzi wa Google kwenye Android), au kinatangazwa kuwa kinafungua kila kitu bure.

Hata kikiwa salama, mara nyingi hakina kibali cha Widevine L1, daraja la juu la ulinzi wa video wa Google, na huduma nyingi zitakipa picha ya kiwango cha chini. Programu ndogo iitwayo DRM Info itakuonyesha kifaa kina L1 au L3, daraja la chini.

Nina faili nyingi na pia nalipia huduma mbili za sinema. Je, siwezi kuwa na vyote?

Unaweza, na huu ndio mpango ninaoupendekeza kwa mtu wa aina yako. Kompyuta iondoke sebuleni. Iweke karibu na ruta, ibebe diski zako, na uiwekee Jellyfin au Plex, programu za kusambaza video zako kwenye vifaa vya nyumbani. Sebuleni weka kisanduku chenye kibali, na ndani yake programu ya Jellyfin au Plex ikae kando ya Netflix. Feni haisikiki, rimoti ni moja, na kisanduku kikizeeka unabadilisha hicho tu. Maktaba yako haiguswi.

Angalia mambo mawili. Manukuu ya diski za Blu-ray ni picha, si maandishi, na kifaa kisichoweza kuyaonyesha kitailazimisha kompyuta kuitengeneza video upya palepale, ndipo sinema inaanza kukwama. Tafuta manukuu ya SRT, yaani ya maandishi, na uyahifadhi kwa UTF-8 (usimbaji wa herufi). La pili ni waya. Plagi ya mtandao kwenye TV nyingi na baadhi ya visanduku ina kikomo cha Mbps 100 (megabiti kwa sekunde), na diski ya 4K inaweza kupanda hadi Mbps 128. Kwa faili nzito kiasi hicho chagua kisanduku chenye plagi ya gigabiti, au tumia Wi-Fi ya GHz 5 ikiwa ruta iko karibu.