Miiba ya Dodoma: kiatu, njia, na namna ya kuichomoa

Dodoma si jangwa, ingawa ukipita Bahi au Chamwino mwezi wa Septemba, majani yamepukutika na vumbi linatimka, unaweza kudhani ndilo. Mvua huku ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miti inayostahimili miezi iliyobaki mingi ina miiba. Kwa hiyo ukienda Kolo kutazama michoro ya miambani, au ukikatisha porini kwenda shambani, kumbuka kwamba mwiba unaokuchoma mguu mara nyingi hauko mtini. Uko chini.

Mwiba wa mgunga ule mweupe, mrefu, hufika sentimita 8, na ukikauka ndipo unapokuwa mgumu zaidi. Tawi likianguka, hata lilale vipi, kuna mwiba utakaotazama juu. Kandambili hazifai kabisa. Raba zenye soli ya sponji nazo zinadanganya watu: soli ni nene kwa macho, lakini mwiba unapenya. Katambuga za tairi ni imara, na wafugaji wanazivaa kwa sababu nzuri, ila zina tabia moja ya kuangalia. Mwiba hukatikia ndani ya mpira, halafu kila hatua inausukuma juu kidogo, mpaka siku nyingine unakuchoma ukiwa umeshausahau. Kila jioni geuza kiatu, kagua soli juu na chini, uvute kwa koleo kila unachokiona. Kama umekatika sawasawa na mpira, usukume kutoka upande wa pili kwa msumari. Buti ya soli ngumu inayofunika kifundo ndiyo bora.

Njia ya ng'ombe ni pana na imekanyagwa. Njia ya mbuzi hupita chini ya matawi yanayompitisha mbuzi, si wewe. Karibu na mazizi ongeza uangalifu, kwa sababu uzio wa miiba ukichakaa matawi husambaa njiani. Mchanga wa korongo unaonekana safi, lakini mafuriko huzika matawi humo, basi tanguliza fimbo. Mvua zikikatika, tazama pia mbigili: mbegu zake hukauka kwenye mchanga na pembezoni mwa mashamba, na ndizo zinazotoboa matairi ya baiskeli.

Kikwata ni habari nyingine. Miiba yake ni mifupi, imepinda, imetazama nyuma kuelekea shina. Ikikunasa nguo, mwili unataka kuvuta mbele, na hapo ndipo unapochanika. Simama. Rudi nyuma hatua moja kwa njia ileile uliyoingilia, nguo ilegee, halafu nasua mwiba mmoja mmoja. Suruali ya jinzi au kaki huponyoka kirahisi. Sweta ya kufuma utaiacha hapo. Mkitembea kwa msafara, acheni kama mita 3 kati yenu, na usishike tawi ukaliachia: litampiga machoni anayefuata.

Sasa mpungate, ule wa uani wenye matunda mekundu. Watu huogopa miiba yake mirefu, kumbe hiyo ndiyo nafuu. Balaa ni vile vinyweleo vya rangi ya dhahabu vilivyokaa vishada vishada. Hugusi kwa nguvu. Unapitisha mkono tu, navyo vimeshahamia kwako, na kila kimoja kina vichokoo vinavyokizuia kurudi nyuma. Usisugue, na usivitoe kwa meno, vitahamia mdomoni. Pande la mpungate likikung'ang'ania, liondoe kwa kitana au vijiti viwili, kamwe si kwa mkono wa pili. Vishada vinavyoonekana vitoe kwa kibano cha nyusi mahali penye mwanga. Kisha paka gundi nyeupe ya shule, tandika juu yake kipande cha bandeji ya wavu, acha ikauke kabisa, kama nusu saa, uibandue taratibu. Rudia kama bado panawasha. Gundi kali ya kubandikia viatu usiiguse, itavigandisha kwenye ngozi.

Minyaa haina miiba, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari. Osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Mwiba wa kawaida ukiingia mguuni, nawa kwanza kwa sabuni. Pasha sindano moto, iache ipoe, fungua ngozi kufuata ulivyolala mwiba, uuvute kwa pembe ileile ulioingilia. Usiukamue, utakatikia ndani. Kama chanjo yako ya pepopunda imepita miaka 5 na jeraha ni chafu, nenda kituo cha afya. Mwenye kisukari asijichokonoe mwenyewe.

Wa kuogopwa zaidi ni uliochoma karibu na goti, kifundo au kiungo cha kidole. Ngozi inaweza kufunga vizuri, kisha baada ya wiki kiungo kikavimba na kukakamaa. Ukifika hospitali mwambie daktari waziwazi kuwa ulichomwa na mwiba wa mti, kwa sababu mara nyingi eksirei haiuonyeshi, na ultrasaundi ina nafasi kubwa zaidi ya kuuona.